MAZUNGUMZO YA 9: MTOTO WANGU HAONGEI, NIFANYE NINI?

(Muziki wa kipindi kwa nusu dakika, kisha msomaji aanze.)

Popote ulipo, uwe Langas ukipanga mboga zako, uwe Huruma ukifua, uwe Kapsoya, Munyaka au Kimumu, au uwe huko mashambani upande wa Burnt Forest na Moi's Bridge, vuta kiti karibu na redio. Na kama una mtoto mdogo hapo nyumbani, mpakate tusikilize pamoja.

Leo tunazungumza juu ya mtoto ambaye wakati wake wa kuongea umefika na haongei. Au anaongea, lakini maneno yake hayaeleweki na mtu yeyote ila mama. Au anaongea huku akikwama kwama. Ni jambo linalowanyima usingizi akina mama wengi, na wengi hulibeba kimya kimya kwa sababu ya maneno ya watu.

Naanza na kisa cha mama mmoja. Sitamtaja jina, kwa sababu kisa hiki si cha mama mmoja peke yake. Nimekikusanya kutoka kwa yale ambayo akina mama wengi hupitia.

Mama huyu alikuwa na kijana wa mwaka mmoja na nusu, mchangamfu, anatembea vizuri, anakula vizuri. Lakini hakuwa na neno hata moja. Mama mkwe akamwambia, "Usijali, mwanangu. Hata baba yake alichelewa. Wavulana huwa hivyo." Mama akangoja. Mtoto akafika miaka miwili, bado kimya. Jirani akamtazama mtoto mdomoni akasema, "Huyu ulimi umeshikwa. Kuna mzee huwa anakata, ukimpeleka ataongea wiki ijayo." Akapelekwa. Ulimi ukakatwa kwa wembe, mtoto akatokwa na damu usiku kucha. Wiki ijayo ikafika, na mwezi ujao, na mwaka ujao, mtoto haongei. Sasa watu wakaanza kusema ni laana, na kwamba mama anajua alichofanya.

Mtoto alipofika miaka minne akapelekwa shule ya chekechea. Siku ya tatu, mwalimu akamwita mama kando akamuuliza, "Mama, masikio ya huyu mtoto yamewahi kupimwa?"

Hayakuwa yamepimwa hata siku moja. Tangu alipokuwa na miezi minane masikio yake yalikuwa yakitoa usaha mara kwa mara, mama akiyapangusa kwa kitambaa akidhani ni meno yanaota. Yalipopimwa ilionekana anasikia kidogo sana kwa masikio yote mawili. Ulimi wake haukuwa na shida yoyote.

Mpenzi msikilizaji, sikusimulii haya ili tumlaumu mama huyo. Alifanya kila alichoambiwa. Shida ni kwamba kwa miaka minne hakuna mtu aliyemwambia lile jambo moja ambalo ningependa ulishike leo, hata kama utasahau mengine yote. Mtoto asipoongea, usingoje na usikate ulimi. Anza na masikio, na anza mapema.

KUONGEA HUANZA LINI?

Wengi wetu tunadhani mtoto huanza kuongea siku anayosema "mama" au "baba". La. Kuongea huanza mapema zaidi, na ukijua hatua zake utaweza kugundua shida kabla haijakomaa.

Mtoto mchanga hushtuka akisikia kishindo na hutulia akisikia sauti ya mama. Kufikia miezi 6 hugeuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi, na hujibu kwa sauti zake ukimwongelesha. Kati ya miezi 6 na 12 hubwabwaja: "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", "da-da-da". Akikaribia mwaka mmoja hugeuka ukimwita jina, hupunga mkono wa kwaheri, na huenda akawa na neno lake la kwanza.

Akifika mwaka mmoja na nusu huwa na maneno kadhaa na hufuata agizo rahisi kama "lete kiatu". Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili: "maziwa ingine", "baba enda". Akifika miaka mitatu husema sentensi fupi, na mtu asiye wa nyumbani huelewa mengi ya anayosema. Akifika miaka minne anaweza kukueleza kilichotokea kwa jirani, na mara nyingine hata kile ambacho hukutaka kisemwe.

Watoto hawalingani. Mmoja huwahi na mwingine huchelewa kidogo, na hilo si ugonjwa. Vilevile mtoto wa miaka miwili au mitatu akisema "lafiki" badala ya "rafiki", au "titi" badala ya "kiti", usiogope. Ulimi bado unajifunza. Lakini kuna dalili ambazo hazifai kungojewa. Chukua kalamu kama unayo.

Dalili ya kwanza: mtoto ametimiza mwaka mmoja na habwabwaji, hageuki akiitwa jina, wala haonyeshi kwa mkono kile anachotaka.

Dalili ya pili: ametimiza mwaka mmoja na nusu na hana hata neno moja.

Dalili ya tatu: ametimiza miaka miwili na haunganishi maneno mawili.

Dalili ya nne: ametimiza miaka mitatu na hata watu wa nyumbani hawamwelewi.

Dalili ya tano, na hii haina umri: alikuwa anaongea, akaacha. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Ukiona moja ya dalili hizi, usikubali jibu la "ngoja tu, ataongea". Huenda kweli ataongea, na ukimpeleka akapatikana hana shida utakuwa umepoteza asubuhi moja. Lakini ikiwa kuna shida, miaka ya kwanza ndiyo ambayo ubongo wa mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KWA NINI MTOTO HACHELEWI BURE

Sababu ni nyingi, na nyingine hazijulikani hata baada ya kupimwa. Nitataja zile kubwa.

Ya kwanza ni kutosikia. Mtoto hujifunza maneno kwa kuyasikia mara nyingi, tena kwa sauti iliyo wazi. Masikio huweza kuharibika kwa usaha unaorudi rudi, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa manjano kali baada ya kuzaliwa, au kwa mama kuugua rubella akiwa mjamzito. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubella, ambayo mtoto hupewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, ni kinga ya masikio pia. Usiiruke hiyo ya miezi 18 kwa sababu mtoto anaonekana mkubwa.

Jihadhari hapa. Mama wengi husema, "Lakini anasikia, lori likipita anageuka." Lori likipita ardhi hutetemeka, na mtoto huhisi kwa miguu. Mwingine husikia sauti nzito za ngoma lakini hasikii sauti nyembamba za maneno. Unaweza kumjaribu hivi: akiwa ametulia anacheza, simama nyuma yake mahali asipokuona, hata kivuli chako asikione, kisha mwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine. Asipogeuka mara kwa mara, mpeleke akapimwe. Hata akigeuka, kama haongei apimwe vilevile, kwa maana jaribio la nyumbani haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha hospitali.

Na sikio likitoa usaha, usitie mafuta, maji ya majani wala maziwa ya mama. Likaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, usichokoe ndani, umpeleke kituo cha afya.

Sababu ya pili ni ubongo kuumia. Huenda mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua vibaya baadaye. Watafiti wa Kilifi, huko Pwani, walichapisha mwaka 2006 matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali, ile ya kupanda kichwani au ya kuleta degedege nzito, walibaki na shida ya lugha. Kwetu hapa juu malaria si nyingi kama Busia au Kisumu, lakini watoto wetu huenda huko kwa nyanya zao wakati wa likizo. Mtoto aliyewahi kulazwa kwa malaria kali, chunga maongezi yake miezi inayofuata.

Sababu ya tatu ni ukuaji wa ubongo kwenda kwa njia yake. Hapa wamo watoto wenye ugonjwa wa Down, wenye uwezo mdogo wa kujifunza, na wenye usonji, ambao wengine huita tawahudi. Mtoto mwenye usonji huenda asikutazame usoni, asionyeshe kitu kwa kidole ili na wewe ukione, na apende kurudia jambo lile lile. Kuna pia mtoto ambaye kila kitu kingine kiko sawa, ila lugha peke yake ndiyo inayomwia ngumu.

Sababu ya nne ni mdomo wenyewe. Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa, yaani juu ndani ya kinywa, sauti zake hutokea puani. Mpasuko hushonwa, na hapa Kenya kuna hospitali zinazoshona bila malipo kwa msaada wa shirika la Smile Train. Uliza hospitali yako. Baada ya kushonwa, mtoto bado huhitaji kufundishwa matamshi.

VIPI KUHUSU ULIMI ULIOSHIKWA?

Ni kweli kuna watoto wanaozaliwa na kile kiuzi cha chini ya ulimi kikiwa kifupi. Kinaweza kumsumbua mtoto wakati wa kunyonya, na baadaye kinaweza kusumbua sauti chache, kama "l" na "r". Lakini hakimfanyi mtoto awe kimya kabisa. Mtoto ambaye hana neno, hata ukimkata ulimi mara tatu, shida yake haipo pale.

Mtoto akiweza kutoa ulimi nje na kulamba midomo yake, ulimi huo unatosha kuongea. Ukiwa bado na wasiwasi, mwonyeshe daktari. Kukata kwa wembe nyumbani, iwe ni ulimi au kimio, kumeleta damu isiyokoma, vidonda vyenye usaha na pepopunda. Wembe uliotumiwa kwa mtoto mwingine unaweza pia kuleta virusi vya ukimwi. Usikubali, hata akija mtu unayemheshimu sana.

UNAANZIA WAPI HAPA ELDORET?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, mahali pale pale unapompeleka kliniki. Nenda na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Ndani yake kuna ukurasa wa hatua za ukuaji, na mama wengi huufunika bila kuusoma kwa sababu tunatazama uzito na chanjo peke yake. Mwonyeshe muuguzi ukurasa huo na umwambie wazi: "Sista, mtoto wangu ana miaka miwili na haongei. Naomba apimwe masikio." Usiseme "hajambo tu, anachelewa kidogo". Sema lile linalokusumbua, na sema ni lini lilianza.

Kutoka hapo unaweza kupewa barua ya kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, au kwenye Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa iliyo katika uwanja huo huo, na ambayo ilifunguliwa mwaka 2015. Uliza kuhusu mtaalamu wa matamshi. Wataalamu hawa bado ni wachache sana katika nchi zetu. Mafunzo ya shahada ya kazi hiyo katika Afrika Mashariki yalianza Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, mwaka 2008 tu. Kwa hiyo huenda ukangoja, na huenda ukapewa tarehe ya mbali. Ngoja, lakini wakati unangoja endelea na yale ya nyumbani nitakayokueleza sasa hivi.

Kuhusu gharama, hakikisha familia yako imejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize mapema ni nini kinacholipiwa.

Mahali pengine ni kituo cha upimaji wa watoto kwa ajili ya elimu, ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984 na viko chini ya wizara ya elimu. Hapo mtoto huangaliwa anaweza nini na hawezi nini, na mzazi hushauriwa juu ya shule inayomfaa. Si lazima afikishe umri wa shule ndipo umpeleke. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nawe anaweza kukuelekeza.

KAZI YA NYUMBANI NI YAKO, MAMA

Mtaalamu atamwona mtoto wako kwa nusu saa, pengine mara moja kwa mwezi. Wewe uko naye kutwa nzima. Ndiyo maana nasema mwalimu wa kwanza wa kuongea ni wewe, pamoja na baba, nyanya, dada anayemlea, na watoto wakubwa. Na hauhitaji vifaa vya kununua.

Kwanza, shuka chini. Chuchumaa au kaa ili uso wako na wake vilingane, aone midomo yako. Mtoto hajifunzi maneno kutoka kwa mtu anayempa mgongo akikoroga ugali.

Pili, taja kile anachokitazama yeye. Akimtazama kuku, sema, "Kuku. Kuku anakula." Usimgeuze atazame kitabu. Neno hushika likija pamoja na kitu ambacho moyo wake uko kwacho.

Tatu, tumia maneno machache na uyarudie. Ukimwosha kwenye beseni, sema, "Maji. Maji moto. Osha mkono. Osha mguu." Kesho maneno yale yale. Keshokutwa yale yale. Wewe utachoka kabla yake.

Nne, ongeza neno moja. Akisema "maji", jibu "maji baridi" au "kunywa maji". Akisema "tai" akimaanisha chai, usimwambie "si hivyo!" Mjibu tu, "Ndiyo, chai. Chai tamu." Atasikia tofauti mwenyewe.

Tano, mpe kuchagua. Shika ndizi mkono huu na mkate mkono ule, umuulize, "Ndizi au mkate?" Kisha ngoja. Hesabu moyoni mpaka tano, hata mpaka kumi. Kungoja huku ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu sisi akina mama tunajua anataka nini, na tunampa kabla hajajaribu. Akijaribu kwa sauti yoyote, au akinyosha kidole, mpe na umsifu.

Sita, mwimbie. Nyimbo za kupiga makofi, za kuhesabu vidole, za lugha ya nyumbani kwenu. Imba ukiacha neno la mwisho, umtazame kama atalitia.

Saba, ishara zinaruhusiwa. Mama wengine huogopa kwamba mtoto akitumia mikono atakuwa mvivu wa kuongea. Si kweli. Ishara hufungua njia, na humpunguzia hasira ya kutoeleweka. Na kama mtoto ni kiziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, nayo imetambuliwa katika Katiba ya mwaka 2010. Jifunze pamoja naye, na ndugu zake wajifunze.

Fanya haya dakika 10 asubuhi, dakika 10 wakati wa chakula na dakika 10 kabla ya kulala. Wakati huo zima televisheni, na weka simu kando.

Na kuna mambo ya kuepuka. Usimwambie "Sema! Sema ndipo nikupe!" mpaka analia. Usimfanye kichekesho mbele ya wageni kwa kumwambia arudie neno lile analokosea. Usimchape kwa kutojibu, kwa maana huenda hajasikia. Na usimfiche nyumbani. Mtoto asiyeongea huhitaji kucheza na wenzake kuliko mtoto mwingine yeyote.

Lipo jambo moja zito sitaliacha. Mtoto asiyeweza kusema ni rahisi kudhulumiwa, kwa sababu mkosaji anajua hatashtakiwa. Jua nani anabaki naye. Mfundishe majina au ishara za sehemu zote za mwili wake, na ishara ya "hapana". Akibadilika ghafla, akimwogopa mtu fulani, akianza kukojoa kitandani, au ukiona jeraha usilolielewa, mpeleke hospitali, na usinyamaze kwa kuogopa aibu.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali la kwanza: "Baba yake ni Mnandi, mimi ni Mluhya, majirani wanaongea Kiswahili, na shule ni Kiingereza. Je, lugha nyingi ndizo zimemchanganya?"

La. Eldoret yetu ni mji wa lugha nyingi, na watoto wengi hapa hukua na lugha mbili au tatu bila taabu. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuchanganya maneno katika sentensi moja, na hilo ni kawaida. Lakini lugha nyingi hazimfanyi mtoto awe bubu. Mwongeleshe kwa lugha unayoijua vizuri na unayoipenda, ile inayokutoka bila kufikiri. Usiache lugha yako ukamwongelesha Kiingereza cha kuokoteza kwa sababu ya shule.

Swali la pili: "Kijana wangu wa miaka mitatu ameanza kigugumizi. Nimwambie aseme polepole?"

Watoto wapatao 5 kati ya 100 hupitia kigugumizi wakiwa wadogo, na wengi wao huacha wenyewe. Usimwambie "polepole", wala "vuta pumzi", wala usimmalizie neno. Mtazame, ngoja amalize, kisha mjibu kile alichosema, si jinsi alivyosema. Wewe mwenyewe ongea taratibu. Wakataze ndugu zake kumwiga. Ikiendelea zaidi ya miezi sita, au ukiona anakunja uso na kukaza shingo ili neno litoke, au ameanza kuogopa kuongea, mpeleke.

Swali la tatu: "Mume wangu na ndugu zake wanasema mimi ndiye niliyeleta jambo hili katika boma."

Mama, hukulileta. Hakuna neno ulilosema wala chakula ulichokula kilichomfunga mtoto ulimi. Na baba anayesikiliza kipindi hiki, nakuomba uende naye kliniki hata mara moja. Ukisikia mwenyewe kutoka kwa daktari, maneno ya kijijini hayatakuwa na nguvu. Tena wewe pia unaweza kumfundisha: ukirudi kazini, mtajie vitu, mcheze, mwimbie.

Swali la nne: "Je, shule itamkubali?"

Ni haki yake kusoma. Kabla hajaanza, nenda umwone mwalimu. Mweleze kwamba mtoto akae mbele, aongeleshwe akiwa anatazamwa usoni, apewe muda wa kujibu, na akubaliwe kujibu kwa kuonyesha au kuchora. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumchapa mwanafunzi na pia kumtesa kiakili, na kumchekelea mtoto kwa matamshi yake mbele ya darasa ni kumtesa.

TUMALIZIE

Turudi kwa yule mama niliyeanza naye. Masikio ya kijana yalitibiwa yakakauka, na sasa anasikia vizuri zaidi kuliko mwanzo, ingawa si kama wenzake. Anakaa dawati la mbele. Nyumbani wote wamejifunza kumgusa bega kwanza ndipo wamwongeleshe. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa "ingine", alipokuwa anataka uji. Alikuwa na miaka minne na miezi saba. Mama alimwongezea uji mara tatu siku hiyo, ili tu alisikie tena.

Je, ataongea kama watoto wengine? Wapo wanaofikia wenzao, wapo watakaoongea kwa shida, na wapo watakaotumia mikono au picha maisha yao yote. Sikuahidi kwamba mtoto wako ataongea vizuri. Ninalosema ni kwamba kila mtoto ana jambo analotaka kukuambia, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo atakavyopata njia ya kulisema.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kazi, fungua kile kijitabu cha kliniki, soma ukurasa wa ukuaji, na umtazame mtoto wako. Ukiona dalili moja kati ya zile tano, usiseme utaenda baada ya mavuno. Nenda wiki hii.



(Muziki wa kufunga.)

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto asiye na neno akiwa na mwaka mmoja na nusu, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, apelekwe kituo cha afya.
2. Masikio yapimwe kwanza, hata kama unadhani anasikia.
3. Mtoto aliyekuwa anaongea akaacha apelekwe hospitali mara moja.
4. Usikate ulimi wala kimio nyumbani.
5. Mwongeleshe kila siku: shuka chini, taja anachokitazama, ongeza neno moja, ngoja ajibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Hapa kwetu watu husema nini juu ya mtoto asiyeongea? Ni yapi kati ya hayo yamemdhuru mtoto au mama?
2. Ni kazi gani za nyumbani za kila siku ambazo mama anaweza kuzitumia kumfundisha mtoto maneno?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mama anayepaswa kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa na hana nauli, au hana wa kumwachia watoto wengine?